Rimu kubwa kwenye gari la kale: Mambo ya kuzingatia kabla ya kubadili magurudumu

Katika gereji za Gatsata, mtaa wa Kigali unaojulikana kwa mafundi na vipuri vya magari, magari ya zamani bado yanafufuliwa. Mwenye Mercedes-Benz ya miaka ya 1970 au Volkswagen "kobe" akishamaliza injini na rangi, jambo linalofuata mara nyingi ni magurudumu. Rimu kubwa zinazong'aa hulibadilisha gari kwa siku moja tu.

Hata hivyo, gurudumu si pambo peke yake. Ndilo linalobeba uzito wote wa gari, ndilo breki inalolizuia, na ndilo kipimamwendo kinalolitegemea. Katika mji wa vilima kama Kigali, kosa la milimita chache huonekana haraka, hasa gari linapoteremka mvua ikinyesha.

Namba za tairi zina maana gani?

Kila tairi huandikwa ubavuni namba zinazoeleza vipimo vyake. Chukua mfano wa 195/70 R14, kipimo kilichotumika kwenye Mercedes-Benz za W123, magari yaliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 na kufikia karibu milioni 2.7. Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 70 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, yaani milimita 136.5. Namba 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Ukijumlisha rimu na mbavu mbili, ya juu na ya chini, unapata kipenyo cha gurudumu zima, ambacho ni karibu milimita 629. Hicho ndicho kipimo cha kulinda. Kanuni ni nyepesi: rimu ikikua, ubavu wa tairi hauna budi kupungua, ili kipenyo kibaki kilekile.

Kwa gari hilo, tairi la 205/60 R15 lina kipenyo cha milimita 627, na la 205/55 R16 lina karibu milimita 632. Yote mawili yanakaribiana mno na la awali. Lakini fundi akifunga 205/65 R16 kwa sababu ndilo lililopatikana dukani, kipenyo hufika karibu milimita 673, ongezeko la asilimia 7.

Asilimia 7 ni nyingi kiasi gani?

Athari ya kwanza ni mwendo. Kipimamwendo cha gari la kale huhesabu mizunguko, wala hakijui kwamba kila mzunguko sasa unafunika barabara ndefu zaidi. Mshale ukionyesha kilomita 60 kwa saa, gari huwa linakwenda zaidi ya 64. Kamera za barabarani, ambazo wakazi wa Kigali wamezibandika jina la "Sofia", hazitazami mshale wa dereva.

Athari ya pili ni nguvu. Gurudumu kubwa ni sawa na kurefusha kila gia. Injini ya zamani iliyokuwa ikipanda kutoka Nyabugogo kwa gia ya tatu huenda sasa ikahitaji ya pili.

Athari ya tatu, na iliyo nzito kuliko zote, ni breki. Kadiri gurudumu linavyokuwa na kipenyo kikubwa, ndivyo breki ileile inavyopaswa kutumia nguvu zaidi kulizuia. Rimu nzito huongeza mzigo huo. Mteremko mrefu huzipasha breki joto, na breki zilizopata joto kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika.

Matundu ya boliti na ofuseti

Rimu kuingia kwenye boliti hakumaanishi kwamba inafaa. W123 ina boliti tano zilizopangwa kwenye duara la milimita 112, mpangilio ambao Mercedes-Benz imeutumia pia kwenye magari mengi ya baadaye. Magari kadhaa ya Audi na Volkswagen nayo yana mpangilio huo, lakini tundu lake la katikati ni dogo: milimita 57.1, ilhali Mercedes inahitaji 66.6. Kulichonga tundu hilo kwa kubahatisha ni kulifanya gurudumu likae upande na kutetemeka.

Kipimo kinachosahaulika zaidi ni ofuseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaogusana na habu. Tuseme rimu ya awali ina upana wa inchi 6 na ofuseti ya milimita 30, na mpya ina inchi 7 na ofuseti ya 37. Rimu mpya itaingia ndani kwa karibu milimita 20 zaidi na kutoka nje kwa karibu milimita 6. Milimita 20 za ndani zinaweza kutosha kulifanya tairi liguse springi au mikono ya usukani dereva anapokata kona.

Baadhi ya mafundi hutatua hilo kwa kuweka spesa, vipande vya chuma vinavyolisukuma gurudumu nje. Spesa huongeza mzigo kwenye beringi, na hufanya boliti za zamani ziwe fupi mno. Boliti isiyoingia vya kutosha kwenye habu ni hatari kubwa. Pia kichwa cha boliti lazima kilingane na tundu la rimu: boliti za Mercedes zina kitako cha mviringo kama mpira, ilhali rimu nyingi za madukani huhitaji kitako cha pia. Zikichanganywa, boliti hulegea hata kama zilikazwa kwa nguvu.

Barabara za mawe na msimu wa mvua

Lami ya barabara kuu za Kigali ni nzuri, lakini mitaa mingi imetandikwa mawe, na mingine bado ni ya udongo. Ubavu mrefu wa tairi hufanya kazi ya mto. Kwa mfano wetu, kutoka rimu ya inchi 14 hadi ya 16 ubavu hupungua kwa karibu milimita 24, na kwa tairi la 215/45 R17 hupungua kwa karibu 40. Pigo lililokuwa likimezwa na mpira sasa hufika kwenye rimu, shokomzoba na viungo vya usukani vyenye umri wa miaka zaidi ya 40.

Historia ya mbio za magari inatoa funzo hapa. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na Mercedes-Benz 280E, ya familia hiyohiyo ya W123, ilishinda mbio za London hadi Sydney mwaka 1977. Magari hayo yalishinda barabara mbovu kwa uimara na matairi yenye mbavu ndefu.

Tairi pana nalo lina maji mengi zaidi ya kusukuma kando. Mifereji yake ikiwa imeisha, huelea juu ya maji mapema kuliko tairi jembamba. Nchi nyingi hutaka kina cha mifereji kisipungue milimita 1.6.

Kabla ya kulipa

Soma tarehe ya tairi ubavuni: tarakimu 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Michelin hushauri tairi libadilishwe likitimiza miaka 10, hata kama linaonekana zima. Angalia pia namba ya uzito: 91 humaanisha tairi linaweza kubeba kilo 615, na 88 kilo 560. Usishuke chini ya namba iliyowekwa na mtengenezaji wa gari.

Mwombe fundi afunge rimu moja ya mbele kwanza, kisha zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, gari likiwa limebeba abiria. Magurudumu yakishafungwa yote, kaza tena boliti baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kabla ya kununua, uliza pia katika kituo cha ukaguzi wa magari cha Polisi ya Taifa ya Rwanda, ambako breki na mfumo wa usukani hupimwa. Ni nafuu kupata jibu hilo mapema kuliko kurudishwa na rimu mpya.

Na rimu za awali usiziuze. Siku gari litakapopata mnunuzi anayejua thamani yake, huenda zikawa ndizo za kwanza kuulizwa.