Wakala wa Dola ya Kigeni na Daftari la Serikali

Mwezi Juni, 1938, Marekani ilipata sheria iliyomtaka kila wakala wa dola ya kigeni ajiandikishe serikalini na kumtaja bwana wake. Chimbuko lake ni uchunguzi wa kamati ya Baraza la Wawakilishi mwaka 1934, ambapo Ivy Lee, bingwa wa kuwapamba matajiri machoni pa umma, alihojiwa juu ya ujira aliopewa na kampuni ya Kijerumani ya I.G. Farben, Hitler akiwa amekwisha kushika hatamu. Sheria haikukataza neno lolote kusemwa. Ilitaka tu msikilizaji amjue aliyeulipia ulimi.

George Sylvester Viereck alijiandikisha. Jambo hili aghalabu husahauliwa. Alijieleza kuwa ni mwandishi wa gazeti la Munich, na hilo lilikuwa kweli. Hakueleza kwamba alikuwa akimtungia hotuba Seneta Ernest Lundeen wa Minnesota, wala kwamba maandishi ya namna hiyo yalitawanywa kwa posta ambayo wabunge hawailipii. Msomaji na apime: raia alipokea barua yenye heshima ya Baraza lake, ndani imo sauti ya Berlin, na nauli ya kuifikisha imetoka katika kodi yake mwenyewe!

Viereck alihukumiwa mwaka 1942. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu, sababu kuu ikiwa kwamba sheria, kama ilivyoandikwa, ilimtaka aeleze aliyoyatenda kwa niaba ya bwana wake, si yale aliyoyatenda kwa nafsi yake. Ni rahisi kuwalaumu majaji. Mimi siwalaumu, mtu hafungwi kwa swali ambalo hakuulizwa. Marekebisho ya 1942 yalikuwa yamekwisha kuyapanua maswali hayo, na Viereck alishtakiwa upya, akafungwa.

Wanaotaka sheria hiyo itiwe nguvu leo hutaja zaidi adhabu, na wana hoja: tangu 1966 hata 2015 Wizara ya Sheria ilifungua kesi saba tu za jinai. Lakini pengo la Viereck limerudi kwa sura nyingine. Tangu 1995, anayewashawishi wabunge kwa ajili ya kampuni ya kigeni aweza kujiandikisha chini ya sheria nyepesi zaidi, mradi mfaidi mkuu si serikali ya kigeni. Na anayepima kwanza ni nani mfaidi mkuu, ni wakala mwenyewe.