Mwanga Unaomzunguka Mtu: Nani Aliuona, na Alimwona Nani?

Vijana wa rika letu hulitumia neno "aura" kila siku. Ukijikwaa kantini, umepoteza aura; ukijibu swali gumu bila kutetereka, umeongeza. Ni utani, lakini neno lenyewe limesafiri mbali. Kilatini kililichukua kutoka Kigiriki, na maana yake ilikuwa upepo mwanana. Msemaji wa Kiswahili hawezi kushangaa sana, kwani sisi nasi tuna upepo unaovuma na pepo anayempanda mtu kichwani. Tunasema pia kwamba fulani ana nuru usoni, au nyota yake imefifia, na wapo waganga wanaodai kuisafisha. Katika nchi nyingi watu wameamini kwamba mtu hutoa kitu kisichoshikika, na kwamba wachache hujaliwa kukiona.

Hata hivyo, aura ya rangi inayozungumzwa leo, nyekundu kwa hasira, njano kwa akili, buluu kwa ibada, haina umri mkubwa kama inavyodhaniwa. Ilienezwa hasa na wafuasi wa Chama cha Theosofia, kilichoanzishwa New York mwaka 1875 na kuhamishia makao yake Adyar, India, mwaka 1882. Mmoja wao, C. W. Leadbeater, aliyewahi kuwa kasisi wa Kianglikana, alitoa mwaka 1902 kitabu kiitwacho Man Visible and Invisible. Ndani yake mna picha za rangi za aura alizosema ameziona kwa jicho la ndani.

Picha hizo zimepangwa kwa daraja. Kwanza yupo "mshenzi", ambaye rangi zake ni za matope. Anafuata mtu wa kawaida, kisha mtu "aliyeendelea", mwenye rangi safi zinazong'aa. Kumbuka mwaka: 1902, wakati mataifa ya Ulaya yalikuwa yameshaigawana Afrika yakidai kuwaletea ustaarabu watu wa chini. Leadbeater alisema anaona mwanga, lakini ngazi aliyoichora ilikuwa ileile iliyokwisha kuwamo vichwani mwa watu wa zama zake.

Miaka michache baadaye, hapa London, daktari mmoja alijaribu kuiondoa aura kwenye mambo ya siri na kuipeleka kwenye tiba. Walter Kilner alikuwa amefanya kazi ya tiba ya umeme katika Hospitali ya St Thomas', ng'ambo ya mto Thames ukitokea Bungeni. Mwaka 1911 alichapisha The Human Atmosphere. Alitumia vioo viwili vilivyotiwa katikati rangi iitwayo disianini. Mtazamaji alianza kwa kuangalia mwanga kupitia vioo hivyo, kisha akamtazama mgonjwa aliyesimama bila nguo katika chumba chenye giza hafifu. Wengi wa waliotazamwa walikuwa wanawake. Kilner alisema umbo la aura humwonyesha daktari ugonjwa, hata ule ulioitwa histeria, ambao madaktari wa enzi hizo walipenda kuwabandika wanawake.

Madaktari wenzake hawakushawishika, na walikuwa na sababu. Ukikazia macho kitambaa chekundu kwa nusu dakika, kisha ukatazama ukuta mweupe, utaona kivuli cha kijani-buluu ambacho hakipo ukutani. Jicho lililochoka hutengeneza rangi yake lenyewe. Wako pia watu wachache ambao ubongo wao huunganisha hisia, hata uso wa mtu ukawajia pamoja na rangi. Hao hawasemi uongo. Wanaona kweli, ila wanachokiona kinatoka kwao.

Hapo ndipo historia hii inapotugusa. Mtu anapodai kuona ndani ya mwenzake, huona kwanza alichokuja nacho. Leadbeater alimkuta mshenzi, na Kilner akamkuta mwanamke wa histeria. Nasi tusijitoe. Neno "mshenzi" halikuletwa pwani na Mzungu. Watu wa mwambao walilitumia kwa watu wa bara, na katika zama za biashara ya utumwa lilirahisisha kumwona mtu kama bidhaa. Mpaka leo kuna nyumba ambamo binti mweupe husifiwa kuwa ana nuru, na dada yake mweusi hasemwi kitu.

Kuamini kwamba mtu ana haiba si kosa. Kuna watu wakiingia chumbani, chumba hubadilika, na hakuna kipimo kinachohitajika kulithibitisha hilo. Lakini mtu akikuambia ameiona rangi ya nafsi ya fulani, muulize alikuwa akimjua vipi kabla hajaiona. Jibu lake mara nyingi litakueleza mengi kuhusu yeye mwenyewe.