docker ps
docker ps ni amri ya kuorodhesha kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu, katika Docker, mfumo uliotambulishwa hadharani na Solomon Hykes nchini Marekani Machi 2013. Jina lake limetokana na ps, amri kongwe ya Unix inayoonyesha michakato ya kompyuta.

Ikiandikwa peke yake, huonyesha kontena zilizo hai tu. Hapo ndipo wanagenzi wengi hubabaika: kontena iliyosimama haionekani, wakadhani imefutwa. Ukiongeza -a, zote hujitokeza, na safu ya hali hudokeza kilichojiri. Humo, namba 0 ni kumaliza kazi salama. 137 ni kuuawa kwa nguvu, mara nyingi kwa sababu ya kumaliza kumbukumbu iliyoruhusiwa.

Kontena isiyopewa jina hubatizwa sifa pamoja na jina la mwanasayansi au mvumbuzi. Ila jina boring_wozniak (Wozniak anayechosha) limepigwa marufuku ndani ya msimbo wenyewe wa Docker, kwa hoja kwamba mvumbuzi Steve Wozniak hachoshi. Utani wa haki kabisa.

Kontena kuonekana hai katika orodha si uthibitisho kwamba ni nzima, kwani programu inaweza kuganda ndani ya kontena. Kuchunguza hilo hutumika docker logs, inayotoa maandishi ya programu yenyewe, na docker inspect, inayofichua mipangilio yote.