Laptopu ya Kuhariri Picha: Historia Inasema Anza na Skrini

Ingia Luthuli siku yoyote useme unatafuta laptopu ya kuhariri picha. Kabla hujamaliza sentensi umeshawekewa tatu mezani, na zote zinasifiwa kwa neno moja: "Core i7 hii, mkubwa." Ukiuliza RAM, unaambiwa nane. Ukiuliza diski, unaambiwa SSD. Skrini je? Muuzaji haitaji, na mnunuzi naye haulizi, mradi inawaka na haina mstari. Kwangu mimi hapo ndipo pesa zetu hupotelea, na sisemi wauzaji ni wezi. Wanatuuzia tu kile tunachouliza.

Nimeifuatilia historia ya hii kazi kwa muda sasa, na kila nikirudi nyuma nakutana na jambo lilelile. Watu wamefanya kazi kubwa ya picha kwa mashine dhaifu sana. Kilichowasumbua siku zote ni kuona.

Anza 1987. Thomas Knoll, mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alikuwa na Macintosh Plus. Hiyo kompyuta ilitoka kiwandani na RAM ya megabaiti 1 (ndiyo, mega, si giga), prosesa ya megahezi 8 na skrini ya inchi 9 yenye nukta 512 kwa 342. Na kila nukta ilikuwa ama nyeusi ama nyeupe. Kijivu hakikuwepo kabisa. Knoll alitaka kuona picha zenye vivuli, kwa hivyo akaandika programu ndogo ya kudanganya jicho: unatawanya nukta nyeusi katikati ya nyeupe hadi mtu akikaa mbali kidogo aone kijivu. Akaiita Display. Ndugu yake John, aliyekuwa akifanya kazi kule Industrial Light & Magic, kampuni ya George Lucas inayotengeneza zile mbinu za kamera na kompyuta za sinema, akaiona akajua hapa kuna kitu. Wakaijenga pamoja, Adobe ikachukua leseni, na Februari 1990 ikatoka Photoshop 1.0. RAM ya megabaiti 2 ilitosha kuiendesha.

Yaani programu ambayo leo tunaambiwa haiwezi kufunguka bila mashine ya laki moja ilizaliwa kwa sababu ya skrini mbovu. Knoll hakuwa analalamikia prosesa. Alikuwa anataka aone.

Na kabla ya Knoll kazi ilikuwepo. Ukifungua Photoshop utaona alama mbili ambazo wengi wetu tunabonyeza bila kujua ni nini: kijiti chenye duara kwenye ncha, na mkono uliokunjwa ukiacha tundu. Hivyo ni vifaa vya chumba cha giza. Kijiti kilizuia mwanga wa mashine usifike sehemu fulani ya karatasi, hiyo sehemu ikatoka nyepesi. Mkono uliacha mwanga upite kwenye tundu dogo, sehemu hiyo ikaiva zaidi. Mzee wa studio alifanya hivyo kwa kuhesabu sekunde kichwani. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikuwa na Bakor Studio yake, akikata picha na kuziunganisha na nyingine hadi mtu akajikuta ndani ya kitu ambacho hajawahi kukisogelea. Tunachokiita leo leya, yeye alikifanya kwa mkasi. Photoshop yenyewe ilipata leya 1994, toleo la 3.0. Kwa hivyo mtu akikuambia huwezi kuanza hii kazi hadi upate mashine kali, mwambie apande basi la Lamu akaulize.

Sasa tuje kwenye sehemu inayoniuma, kwa sababu inahusu sura zetu.

Kuanzia miaka ya 1950, Kodak ilizipa maabara za kusafisha picha za rangi kadi ya kupimia. Kwenye kadi kulikuwa na mwanamke mzungu, na kwa kuwa wa kwanza kupigwa aliitwa Shirley, kadi zote zilizofuata zikaitwa hivyo. Fundi alirekebisha mashine yake hadi ngozi ya Shirley itoke sawa. Ikitoka sawa, mashine iko sawa. Ngozi nyeusi haikuwa kwenye hesabu. Filamu yenyewe pia ilitengenezwa na kemikali zilizopendelea rangi nyepesi, ndiyo maana kwenye picha nyingi za zamani za darasa lenye watoto mchanganyiko unaona mtoto mweusi ametoka macho na meno, uso umezama.

Na unajua nini kilichochea marekebisho? Wanaoijua hiyo historia kutoka ndani ya Kodak wamesimulia kwamba malalamiko yaliyosikika miaka ya 1970 yalitoka kwa watengenezaji chokoleti na wauzaji samani za mbao, ambao bidhaa zao zote zilikuwa zinatoka kahawia ya aina moja. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya watu. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Hizo filamu ziliuzwa hapa kwetu pia, kwa hivyo ukichukua albamu ya nyumbani ukashangaa mbona shangazi anaonekana kama kivuli, usimlaumu aliyeshika kamera peke yake.

Kadi ya Shirley imekufa, lakini kwenye laptopu za bei ya chini mantiki yake bado iko hai. Sijasema kuna mtu aliketi akapanga kutuonea. Ni hesabu tu. Paneli nyingi za bei rahisi zina biti 6 kwa kila rangi, yaani ngazi 64 za nyekundu, 64 za kijani, 64 za bluu, ilhali picha ya JPEG ya kawaida ina ngazi 256. Hizo nyingine zinabuniwa kwa kutawanya nukta na kuzichezesha haraka haraka. Ndiyo, ule ujanja wa Knoll wa 1987, bado uko kwenye mashine unayouziwa leo. Kwenye anga ya bluu huenda usione tofauti. Kwenye uso wa mtu mweusi aliyekaa kivulini, amevaa suti nyeusi, ngazi zote muhimu zimebanana kule chini, na hapo ndipo paneli inaanza kuficha mambo.

Halafu kuna upana wa rangi. Mwaka 1996, HP na Microsoft walipendekeza kipimo kinachoitwa sRGB, kikawa kiwango cha kimataifa 1999, na hadi leo picha nyingi za mtandaoni zinakifuata. Laptopu nyingi za ofisi zina paneli inayoandikwa "45% NTSC". Hiyo kwa lugha ya kawaida ni takriban theluthi mbili ya sRGB, wakati mwingine chini ya hapo. Nyekundu ndiyo huumia sana. Na ngozi yetu, ikipigwa na jua la saa kumi na moja jioni, imejaa nyekundu.

Rafiki yangu mmoja wa Umoja anapiga harusi. Alihariri albamu nzima kwenye laptopu ya aina hiyo. Kwenye skrini yake bibi harusi alikuwa amepauka, kwa hivyo akaongeza nyekundu, akaongeza tena kidogo. Picha zilipochapishwa, bibi harusi na dada zake wote walikuwa na rangi ya udongo wa Murang'a. Familia ilikataa kulipa salio hadi albamu irudiwe, na karatasi ya pili ilitoka mfukoni mwake. Huyo msee anajua kazi, macho yake hayana shida. Skrini ilimficha nyekundu iliyokuwa tayari iko ndani ya faili.

Kwa hivyo ukiwa na shilingi 35,000 au hapo karibu, na unaelekea kwenye duka la ex-UK, mimi ningepanga hivi vitu tofauti na vile muuzaji anavyovipanga.

Skrini kwanza. Kuna paneli za TN na kuna za IPS. TN ni teknolojia ya tangu miaka ya 1970, rahisi kutengeneza, lakini ukibadilisha pembe ya kutazama, rangi zinabadilika nayo. IPS ilianza kuuzwa na Hitachi mwaka 1996 kutibu ugonjwa huo. Usidhani jina la mashine litakuokoa: ThinkPad T480 ya 2018 iliuzwa na paneli ya TN yenye nukta 1366 kwa 768 na pia ya IPS yenye 1920 kwa 1080. Jina lile, mwili ule. Kampuni zilizokuwa zinanunulia wahasibu zilichukua ile ya bei ya chini, na hizo ndizo zikistaafu zinapakiwa kuja kwetu. Ukiona 1366 kwa 768 kwenye mashine ya ofisi, achana nayo kama kazi yako ni picha.

Hapa niwaguse wapenzi wa MacBook, mtanisamehe. Ile Air ya inchi 13 ambayo kila mtu anaitaka, ya 2015 au 2017, ina paneli ya TN. Apple waliendelea kuiweka hadi Air ya Retina ilipokuja 2018. MacBook Pro ya Retina ya 2015 ni nzito kidogo na haina ule wembamba wa kupigia picha kwenye mkahawa, lakini skrini yake ni IPS na inakaribia sRGB yote. Zote mbili mfumo wa mwisho rasmi ni Monterey wa 2021, kwa hivyo hata kwa umri wa programu Air haikupi faida yoyote. Ila RAM ya zote mbili imechomelewa. Ile uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo.

Kuhusu RAM, fanya hesabu mwenyewe. Picha ya megapikseli 24, rangi tatu, biti 16 kila rangi, ikifunguliwa ni megabaiti 144. Ongeza leya nne tu na historia ya mabadiliko, weka Chrome yenye tabo ishirini kando, halafu uniambie kama gigabaiti 8 zinatosha. Zinafanya kazi, ila utakuwa unasubiri. 16 ndiyo starehe. Uzuri wa T480 au EliteBook 840 G5 ni kwamba zina nafasi mbili za RAM, unaweza kununua na 8 leo, uongeze ukilipwa.

SSD si mjadala tena. RAM ikijaa, Photoshop inaandika kwenye diski, na diski ya kuzunguka itakufanya uchukie kazi yako.

Prosesa ndiyo ya mwisho, na hata hapo jina linadanganya. Hadi kizazi cha 7, prosesa za Intel zenye herufi U, zile za laptopu nyembamba, zilikuwa na koa 2 tu, iwe i5 au i7. Mwaka 2017 kizazi cha 8 kikaleta koa 4. Maana yake i5 ya kizazi cha 8 inaishinda i7 ya kizazi cha 6 au 7 kwenye kazi ya kutoa picha mia tatu za harusi, na bado utakuta hiyo i7 inauzwa ghali zaidi kwa sababu ya stika. Tena Windows 11 rasmi inaanzia hicho kizazi cha 8, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 2025.

Programu ni hadithi ya siku nyingine, lakini kwa kuwa tunahesabu shilingi: tangu 2013 Adobe imehamia malipo ya kila mwezi. GIMP iko tangu 1996, darktable tangu 2009, zote bure, na faili za RAW darktable inazifungua vizuri. Si lazima ulipe kodi ya nyumba na ya Photoshop mwezi huohuo.

Sasa dukani. Beba flashi yenye picha tatu zako mwenyewe: mtu mweusi kivulini akiwa na nguo nyeusi, mtu huyohuyo juani, na kitambaa chekundu cha kanga au shuka la Kimaasai. Fungua ya kwanza uangalie kama unaziona mikunjo ya suti. Sukuma kifuniko nyuma taratibu, kisha kilete mbele. Uso ukigeuka kijivu au vivuli vikageuka kama negativu, hiyo ni TN, rudisha. Ile nyekundu ilinganishe na simu yako. Simu nyingi za leo zina skrini bora kuliko laptopu za ofisi, na ukiona shuka jekundu limekuwa la rangi ya chungwa iliyofifia, umeshajua 45% ni nini bila kusoma popote.

Na ukipenda mashine lakini si skrini, kuna njia mbili. Moja ni monita ya IPS iliyotumika, uiache nyumbani, laptopu iwe ya kubebea faili. Nyingine ni kubadilisha paneli yenyewe: uliza ya "72% NTSC", ambayo inakaribia sRGB nzima. Fundi mzuri anaifunga kwa muda mfupi, ila afungue mashine kwanza ahesabu pini za kiunganishi kabla hujalipia paneli, kwa sababu kuna za 30 na kuna za 40, na haziingiliani.