Kaswende, Buba na Hukumu ya Haraka nchini Uganda

Mwaka 1907 Kanali F. J. Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, alifika Uganda kuchunguza kaswende, na mwaka uliofuata akatangaza katika jarida la Lancet kwamba ugonjwa huo ulikuwa umewapata zaidi ya nusu ya Baganda. Chanzo chake, kwa maoni yake, kilikuwa kulegea kwa mila za kale, hasa zile zilizowabana wanawake, baada ya Ukristo kuingia.

Hukumu hiyo ilitolewa wakati elimu ya maradhi hayo ilikuwa bado changa. Bakteria wa kaswende alikuwa ametambuliwa mwaka 1905 tu, na kipimo cha damu cha Wassermann kilibuniwa mwaka 1906, kwa hiyo wagonjwa wengi walipimwa kwa macho, kwa kutazama vidonda, mifupa iliyovimba na pua zilizolika. Dalili hizo hizo huletwa pia na buba, ugonjwa wa ngozi na mifupa unaowashika zaidi watoto kwa kugusana, bila zinaa yoyote. Hata damu haikuweza kuamua, kwa kuwa bakteria wa magonjwa haya mawili ni ndugu wa karibu mno, na mtu aliyeugua buba utotoni angeweza kuonekana kuwa na kaswende ukubwani.

Tiba nayo haikufichua kosa. Hospitali ya Mulago, iliyoanza mwaka 1913 kama kituo cha maradhi ya zinaa, ilikuja wakati dawa ya Salvarsan, yenye aseniki, ilikuwa imekwisha kupatikana, na dawa hiyo iliponya buba kama ilivyotibu kaswende. Hivyo kupona kwa mgonjwa hakukuthibitisha kwamba ugonjwa wake ulitambuliwa sawasawa. Mwaka 1956 mwanapatholojia J. N. P. Davies aliipitia upya historia hiyo, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichoitwa kaswende haikutokana na zinaa.

Kaswende yenyewe ilikuwepo. Lakini jamii nzima ilibebeshwa aibu ya zinaa kwa dalili ambazo hazikuchunguzwa vya kutosha. Tabibu hana budi kuuliza umri wa mgonjwa, mahali kidonda kilipoanzia na maradhi ya utotoni, kabla ya kulitaja jina la ugonjwa.