Kamera iliyoachwa njiani kabla ya Tabora

Ziba, wilayani Igunga, ni nchi ya mbuga tambarare. Mtu wa huko akitaka picha ya maporomoko hana budi kusafiri. Ndivyo walivyosafiri wageni wa karne ya 19 waliopitia Tabora wakitafuta chanzo cha Nile, na mmoja wao alikabidhiwa kamera.

Huyo ni James Augustus Grant, mwenzake John Hanning Speke. Mwaka 1860 alipiga picha Unguja, nazo ni miongoni mwa picha za kale kabisa za kisiwa kile. Kisha akaiacha kamera, akashika penseli na rangi za maji. Msafara ulipoingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Januari 1861, Grant alikuwa mchoraji tu.

Simlaumu. Njia iliyoenea zama hizo ilidai kioo kipakwe kolodioni, kichovywe katika nitrati ya fedha, kipigiwe picha kingali kibichi, na kisafishwe papo hapo ndani ya hema la giza. Yote hayo kwa dakika chache, kabla joto halijaikausha dawa. Na kila kioo, kila chupa, ingekuwa mzigo wa mpagazi.

Wala hapakuwa na kitufe cha kubonyeza. Mpigapicha alivua kifuniko cha lenzi kwa mkono, akahesabu, akakirudisha. Katika sekunde hizo mwamba ulitulia lakini maji hayakutulia, nayo yakatoka kama moshi mweupe. Leo moshi huohuo unatafutwa kwa makusudi: kamera juu ya stendi, ISO 100, tundu la lenzi f/11 au f/16, shata nusu sekunde. Jua la mchana litaiunguza picha yote iwe nyeupe, kwa hiyo nenda alfajiri au siku ya mawingu, ama uvishe lenzi kioo cheusi. Ukitaka kila tone lionekane, weka shata 1/1000.

Bila kamera, basi, Speke alifika maporomoko ya Ripon Falls, pale Nile inapotoka Ziwa Victoria, Julai 28, 1862, Grant akiwa kwingine. Kitabu cha Speke cha 1863 kiliyaonyesha maporomoko hayo kwa mchoro. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, yalizama.

Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Rukwa na Zambia, bado yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Kijana wa Ziba mwenye kamera, nenda kayapige picha mwishoni mwa masika, maji yakiwa mengi, na kila picha uiandikie tarehe.