Maji ya Ziwa na Majibu ya Serikali

Kwa wapenzi wa ushairi, ada ya kuulizana na kujibizana si jambo geni. Katika malumbano, mwenye kuulizwa hufungwa na bahari na vina vya muulizaji. Akijibu kwa vina vya kujichagulia huhesabiwa kuwa amelikwepa swali. Watu wa mwambao waliishika ada hiyo hata siku za vita, kama walivyofanya malenga wa Mombasa na wa Lamu katika zama za Muyaka bin Haji. Bunge la Tanzania nalo lina malumbano yake, ila humo mwenye kujibu ndiye achaguaye vina. Swali huandikwa na kupelekwa kwa Katibu wa Bunge, likapangiwa siku yake. Saa tatu asubuhi, baada ya dua, mbunge huinuka, na waziri au naibu wake hulijibu "kama ifuatavyo". Mbunge hupewa maswali mawili ya nyongeza, kisha Spika huita jingine. Katika dakika hizo chache watu wa Mara wamekuwa wakiuliza habari ya maji tangu babu hadi mjukuu.

Ajabu ya swali hilo ni mahali linapotoka. Mji wa Musoma umejengwa juu ya rasi, nalo Ziwa Viktoria limeuzunguka pande tatu. Bunda haiko mbali na Ghuba ya Speke. Butiama ipo bara kidogo, penye vilima na mawe makubwa, lakini si mbali hata kidogo kwa mtu aliyezoea nchi ya Dodoma au Singida. Maji yapo tele. Kilichokosekana ni mashine ya kuyasukuma, bomba la kuyapitisha, na fungu la fedha lisilokatwa katikati ya mwaka. Na hayo matatu hayamo mikononi mwa mwanamke anayebeba ndoo.

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, mwaka uleule lilipoanza la Unguja. Kwa miaka 19 hapakuwa na Mwafrika ndani yake. Mwaka 1945 ndipo walipoteuliwa Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma na Chifu Abdiel Shangali wa Machame, na lugha ya barazani ilikuwa Kiingereza. Mtu wa Mugango aliyetaka kuuliza kuhusu kisima alikuwa na njia ya bwana shauri, basi. Mwaka 1954 kijana wa Butiama, Julius Nyerere, mwalimu wa shule ya Pugu, aliingia katika Baraza kwa muda kushika nafasi ya Kidaha. Mwaka 1957 Gavana Twining alimteua tena, akadumu miezi michache. Ilipofika Desemba alijiuzulu, kwa kuwa aliona kila analolidai kwa niaba ya wenzake hurudishwa mikono mitupu. Miaka mitatu baadaye, Septemba 1960, alikuwa Waziri Kiongozi, na sasa yeye ndiye wa kuulizwa.

Mgeuko huo unapaswa kutazamwa vizuri, kwa kuwa umekuwa kama desturi ya mkoa ule. Mara imetoa wauliza maswali, na imetoa wajibu maswali, na mara nyingi wamekuwa watu walewale.

Serikali ya Tanganyika huru haikulidharau suala la maji. Mkataba wa mwaka 1929 baina ya Uingereza na Misri ulikuwa umezuia kazi yoyote ya kupunguza maji ya Nile na ya maziwa yanayoilisha bila ya ridhaa ya Misri. Julai 1962 Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na mkataba huo, msimamo ambao mabingwa wa sheria za mataifa huuita hadi leo kwa jina la Nyerere. Kwa hiyo haki ya kuchota ilidaiwa mapema. Mwaka 1971 ukatangazwa mpango wa miaka 20 wa maji vijijini: ifikapo 1991 kila mwananchi apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Ni ahadi iliyo nzuri kwa kuwa inapimika; mtu yeyote mwenye miguu aliweza kuihakiki.

Lakini mwaka uliofuata, 1972, yakaja madaraka mikoani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, za miji zikafuata, na mambo yaliyokuwa yakiulizwa kwa diwani chini ya mwembe yakaingia mikononi mwa watumishi wa serikali kuu. Halmashauri zilirejeshwa mwaka 1984, ila mazoea ya miaka 12 hayarudi nyuma kwa sheria peke yake. Ndiyo maana hata sasa mbunge wa taifa husimama Dodoma kumwuliza waziri wa taifa kuhusu pampu ya kijiji kimoja. Anayemcheka mbunge huyo ameisahau historia hiyo.

Na kuuliza kwenyewe kulikuwa na hatari yake. Mwaka 1968 wabunge kadhaa walivuliwa uanachama wa TANU, wakapoteza na viti vyao, kwa kuonekana wakaidi mbele ya chama. Tangu hapo swali la barabara, zahanati na maji likawa ndilo swali la salama: mbunge aliweza kuwa mkali juu ya bomba bila ya kushukiwa kuwa anaipinga siasa ya nchi. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya maswali ya namna hiyo kuwa mengi kiasi kile.

Mwaka 1991 ulipita, na mita 400 hazikufikiwa. Katika mikoa ya ziwa, Mara ikiwamo, Waswidi walifadhili mpango wa HESAWA tangu 1985 hadi 2002, ukachimba visima na kufundisha usafi wa mazingira. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikawataka wananchi wachangie. Programu ya sekta ya maji iliyoanza 2007 ikaleta hesabu mpya, vijiji 10 kwa kila halmashauri, na kwa miaka kadhaa majibu ya mawaziri yalijaa hesabu hiyo.

Bunda ndiyo inayoonyesha mambo haya kwa uwazi zaidi. Ni nyumbani kwa Joseph Sinde Warioba, Waziri Mkuu wa mwaka 1985 hadi 1990. Mwaka 1995 alishindana huko na Stephen Wassira, aliyekuwa amehamia NCCR-Mageuzi, na ushindi wa Wassira ukatenguliwa kwa kesi iliyofika hadi Mahakama ya Rufani. Wassira alirudi CCM, akashinda Bunda mwaka 2005, na Januari 2006 Rais Kikwete akamfanya Waziri wa Maji. Mbunge wa Bunda amekuwa Waziri wa Maji! Mtu angedhani swali limekwisha. Oktoba mwaka huohuo alihamishiwa Kilimo. Mradi wa kuyatoa maji ziwani Nyabehu na kuyafikisha mjini Bunda ulianza katika muongo ule, ukachukua zaidi ya miaka 10, huku bomba kubwa la kutoka ziwa hilohilo kwenda Kahama na Shinyanga likizinduliwa mwaka 2009. Hapana shaka Shinyanga ilistahili. Watu wa Bunda hawakuuliza kwa nini Shinyanga imepata; waliuliza kwa nini wao, walio karibu na ziwa, bado.

Jirani na hapo, katika jimbo la Mwibara, Kangi Lugola aliingia bungeni mwaka 2010 akajulikana kwa ukali wake dhidi ya mawaziri wa chama chake mwenyewe. Baadaye naye alihamia upande wa kujibu, akawa naibu waziri mwaka 2017 na Waziri wa Mambo ya Ndani mwaka 2018, hadi Januari 2020 alipoondolewa.

Oktoba 2015 Ester Bulaya wa CHADEMA alimshinda Wassira katika Bunda Mjini, na maji ya Bunda yakawa miongoni mwa mambo aliyoyashikilia. Mei 2016 alikuwa mmoja wa wabunge wa upinzani walioadhibiwa kwa fujo zilizotokana na uamuzi wa Serikali wa kupunguza matangazo ya moja kwa moja ya Bunge. Juni 2017 Bunge likaamua tena, yeye na Halima Mdee wa Kawe wakae nje hadi Bunge la Bajeti la mwaka uliofuata. Spika ana haki ya kulinda nidhamu, na ukumbi usio na nidhamu hausikilizani. Lakini kanuni za Bunge hazina mtu wa kukaimu nafasi ya mbunge aliyefungiwa. Kiti chake hunyamaza, na wapiga kura waliokuwa hawamo katika ugomvi ule hunyamaza pamoja nacho. Adhabu ya mtu mmoja iliangukia mji mzima, na mji huo ulikuwa bado unangoja mradi wa Nyabehu.

Kwa upande wa Musoma Vijijini, Profesa Sospeter Muhongo alikuwa Waziri wa Nishati na Madini aliyejibu maswali ya umeme wa vijijini ya wabunge wa nchi nzima. Alipoondolewa uwaziri Mei 2017 alibaki na kiti chake cha ubunge, na tangu hapo akawa wa kuuliza, hususan habari ya barabara ya Musoma–Makojo–Busekera, yenye kilomita 92. Aliyewahi kuandika majibu huyajua matundu yake. Na pengine muulizaji wa namna hiyo ndiye waziri asiyependa kumwona akiinuka.

Hospitali ya Kwangwa mjini Musoma, iliyopewa jina la Mwalimu, ilianza kujengwa kabla hajang'atuka mwaka 1985. Rais Magufuli alipozuru Mara Septemba 2018 ujenzi ulikuwa haujakamilika. Na Butiama kwenyewe, anakozikwa Mwalimu tangu Oktoba 1999, iliendelea kutegemea bomba chakavu la Mugango na Kiabakari hadi zilipopatikana fedha za Waarabu, za benki ya BADEA na za Mfuko wa Maendeleo wa Saudia, kwa mradi mpya. Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Unguja, aliuwekea mradi huo jiwe la msingi. Ilikuwa imebaki miezi mitano tu itimie miaka 60 tangu Tanganyika iwaandikie Misri kwamba maji yale ni ya kuchotwa.